Kizingiti cha Stoo ya Asali

Kyule alikuwa amekwisha kufika nyumbani na kuvua viatu alipokumbuka kwamba tepu yake ya kupimia ameiacha stoo. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo za jioni. Mtu mwingine angengoja asubuhi. Lakini fundi akikosa kipimo hupima kwa kubahatisha, na Kyule alikuwa amepima mashamba ya watu kwa miaka ishirini na sita. Kubahatisha kulikuwa kumevunja familia nyingi mbele ya macho yake.

Akavaa viatu tena. Akawasha pikapu, akarudi Mutomo.

Stoo yenyewe ilikuwa mwisho wa barabara ya soko, mkabala na ukuta wa hospitali. Jengo la mawe, paa la mabati mazito ya zamani, baraza ndefu yenye nguzo nne. Juu ya mlango mtu alikuwa amechora mwaka kwenye plasta: 1938. Watu waliiita Stoo ya Asali, ingawa katika wote waliopita pale kila siku hakuna aliyewahi kuona asali ikiuzwa ndani yake.

Kaveke, mkewe, ndiye aliyeichagua. Kaveke alikuwa mkunga. Kwa miaka thelathini alikuwa amewaona wanawake wakiletwa kwa punda, kwa pikipiki, kwa mkokoteni, wengine wakiwa wamechelewa. Akataka nyumba moja tu karibu na hospitali, ambako mama wa mbali angekuja mapema, apike, alale, angoje siku yake. Vitanda kumi na viwili. Alitia sahihi mkataba wa kupanga mwezi wa Februari. Mwezi wa Juni alikufa, kwa ugonjwa ambao kutoka kupewa jina hadi kaburini ulichukua wiki tano.

Kyule hakulia mbele za watu. Alichukua kazi ya mkewe pale ilipokuwa imefikia, akaendelea nayo. Alitaka kitu kimoja: kabla mvua za Novemba hazijajaza mito na kukata barabara, nyumba iwe wazi, na kwenye ukuta unaotazama mlango, ambapo kila mama anayeingia angeona kwanza, pawe na ubao wenye jina la Kaveke. Aliukata mninga shambani kwake mwenyewe, akampelekea mchongaji. Herufi sita. Zisipokaa pale, basi Kaveke hakuwa mahali popote.

Sasa ilikuwa Oktoba, na kazi ya wiki tano ilikuwa imekula miezi mitatu.

Alizima gari. Hapo ndipo alipouona ubao.

Ulikuwa nje, barazani, umeegemezwa ukutani. Uso wake umegeuziwa mawe, kama mtoto aliyepewa adhabu.

Alikuwa ameufunga ndani mwenyewe saa tisa, kwa skrubu nne. Mlango ulikuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na hapakuwa na wa pili. Kando ya ubao kulikuwa na pimamaji ya fundi na miiko miwili ya kupigia plasta, vimepangwa sawasawa, kama vitu vya mtu aliyefukuzwa nyumba ya kupanga.

"Nani anacheza na mimi?" alisema kwa sauti ndogo.

Aliinua ubao. Vidole vikanata.

Akavinusa.

Asali. Si asali ya chupa. Ilikuwa ile inayotoka kwenye mzinga wa gogo, nzito, yenye harufu ya nta na moshi wa kufukuzia nyuki...

Alifungua kufuli, akaingia, akachukua tepu yake dirishani. Hiyo haikuwa imeguswa. Aliufunga ubao tena kwa mwanga wa simu, akakaza skrubu hadi kiganja kikauma. Alipokuwa akitoka, nyuma yake, juu, karibu na boriti, kitu kililia.

Krii... krii...

Mnyororo. Mnyororo wenye uzito unaoning'inia.

Alimulika. Kwenye boriti kulikuwa na ndoano ya chuma ya kale, pengine ya mizani ya zamani. Mnyororo haukuwepo.

Akafunga mlango, akaenda nyumbani akiwa na hasira. Hofu bado.

*

Asubuhi ubao ulikuwa nje tena.

"Injinia," Nzau alisema. Nzau, kiongozi wa mafundi, alimwita Injinia kila mtu aliyekuwa na tepu. "Wacha nikuambie ukweli kama ninayeongea na mama yangu. Hii pimamaji si yangu."

"Ni ya nani?"

"Ya jamaa mmoja wa Ikutha. Tulifanya kazi na yeye mwaka jana. Nikasahau kumrudishia."

"Ulisahau mwaka mzima?"

"Kusahau hakuna ratiba, Injinia."

Mafundi wengine wawili wakacheka. Kyule akawageukia. "Na miiko?"

Kicheko kikaisha. Mmoja akaanza kuchunguza viatu vyake.

"Usiwaite wezi," Nzau akasema haraka. "Fundi ambaye kila chombo chake ni chake, huyo ameanza kazi jana. Lakini hii nyumba inakagua. Nyundo yangu hii nilinunua Kitui, iko ndani tangu Jumatatu, haijasonga hata kidogo. Ya kuazima, ya kuokota, ile ya nitarudisha kesho... inalala nje. Ndiyo maana wale vijana wa kwanza walihepa. Wangeshika kazi na nini? Mikono?"

"Mtu anaingia kwa dari."

"Nimepanda dari. Vumbi limelala vile lilivyolala wakati wa mkoloni."

Kyule naye alipanda. Vumbi lilikuwa zima, halina hata alama ya panya. Akashuka, nguo zimechafuka, moyo umechafuka zaidi.

Nzau alikuwa akiutazama ubao. "Sasa huu wa mama," aliuliza polepole, "si wa kuazima?"

"Mti ni wa shamba langu. Nimeukata mwenyewe."

"Basi sijui, Injinia." Nzau aliangalia kando. "Labda shida si mbao."

Neno hilo lilimkera Kyule siku nzima, kama mwiba usioonekana kidoleni.

Alhamisi, mafundi walipoondoka, alichukua mtaimbo na jembe. Alikuwa amesikia hadithi za vitu vilivyozikwa chini ya milango. Nani hajazisikia Ukambani? Aling'oa jiwe la kizingiti, akachimba. Sentimita thelathini. Sitini. Mita nzima, hadi mgongo ukakataa kunyooka.

Hapakuwa na kitu. Udongo mwekundu, mkavu, safi. Hata kigae cha chungu hapana. Mtu akichimba akakuta pembe au fupa, angalau ana kitu cha kuchoma moto. Kyule hakupata hata hicho. Alifukia shimo, akarudisha jiwe, akapangusa jasho. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mwamba. Hospitalini taa zilikuwa zimewaka.

Akaubeba ubao kifuani. Akavuka kizingiti.

Harufu ilimpokea kwanza. Asali. Moshi. Chini yake kitu kingine, kama ngozi ya mbuzi iliyolowa.

Halafu mvumo... mdogo, kutoka kuta zote nne, kama mzinga uliogongwa kwa nje.

Krii... krii...

"Ni ya nani?"

Sauti ilikuwa karibu na sikio lake la kushoto. Ilinong'ona kwa Kikamba cha wazee, bila ukali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, aliyeuliza swali hilo hilo tangu asubuhi.

Kyule aligeuka, akamulika. Ukuta. Ndoo ya plasta. Nyundo ya Nzau.

"Nani hapo?"

Akainua simu kuelekea boriti.

"Kaveke," sauti ikasema, taratibu, kama mtu anayesoma alama ya ukoo iliyochomwa kwenye mzinga. "Kaveke ni wa nani?"

Kyule alirudi nyuma hatua moja. Lakini juu ya hofu kulikuwa na kitu kikubwa zaidi: miezi mitatu, skrubu, mafundi waliotoroka, wiki tano za ugonjwa, watu wa kanisa waliomwambia Mungu amempenda zaidi. Vyote vilimpanda kwa pamoja.

"Wangu!" alipiga kelele. "Ni mke wangu! Wangu!"

Mvumo ukakatika.

Mnyororo ukanyamaza, kama mizani inavyonyamaza pande mbili zikilingana.

Kyule alifunga ubao ukutani, skrubu nne. Alipotoka alisimama barazani kwa muda, akisikiliza. Hakuna kitu kilichosonga. Alirudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu Juni alilala hadi jogoo.

*

Alfajiri alifungua lango la boma lake, na msalaba wa Kaveke ulikuwa nje.

Umeegemezwa kwenye nguzo ya lango, kando ya barabara. Uso wake umeelekezwa magharibi, upande wa Makueni.

Aliugusa. Vidole vikanata.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya uzio wa minyaa. Hapakuwa na alama ya mguu. Shimo la msalaba lilikuwa safi, kama lililotobolewa kwa chuma. Lakini udongo wa kaburi, ambao jana ulikuwa tuta, ulikuwa umeshuka. Kyule alichukua tepu kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake. Sentimita saba chini ya ardhi ya kawaida.

Alienda stoo. Ubao ulikuwa ukutani, umenyooka, unang'aa.

Alisimika msalaba upya, akaushindilia kwa mawe. Siku ya pili ulikuwa nje ya lango. Kaburi lilikuwa limeshuka sentimita kumi na nne.

Alipima mara mbili. Kumi na nne.

Mtu alikuwa akitolewa pale. Kidogo kidogo, bila fujo, kama kitu kinachorudishwa kwa mwenyewe.

Siku hiyo hakwenda kazini. Alikwenda kwa Bi Tima.

Bi Tima alikuwa na miaka sabini na saba, na alikaanga mahamri nyuma ya msikiti wa Mutomo tangu Kyule akiwa mwanafunzi. Babu yake, Salim, alitoka Lamu na ngamia wawili akajenga ile stoo. Bi Tima ndiye aliyempangisha Kaveke.

"Karibu mwanangu. Kaa. Si hapo, hapo ni pa paka."

Kyule alieleza kila kitu kwa mpangilio, kama ripoti. Bi Tima aliendelea kugeuza mahamri. Kyule alipofika kwenye habari za kaburi, mkono wa bibi ukasimama juu ya mafuta.

"Babu alinunua asali," alisema. "Wenye mizinga waliitundika mbali huko, kila mzinga na alama ya ukoo. Na wezi wa mizinga walikuwako. Mwizi anavunja mzinga wa mwenziwe jioni, asubuhi yuko kwa babu na kibuyu. Mwaka mmoja mtu akapigwa mshale pale pale barazani. Wazee wenu wakamwambia babu: Salim, tutakufungia mlango. Wakaleta kithitu, kile kiapo chenu. Unakijua."

"Najua. Anayeapa uongo mbele yake hufiwa na wa kwake."

"Ehe. Hawakukizika. Waliapisha kizingiti, basi. Wakamweka Muli, mzee wa mizani, asimame hapo. Kila mtu akiingia na mzigo, Muli anauliza: ni ya nani? Watu wakajifunza kusema kweli. Muli akafa mwaka wa njaa. Ila kuuliza hakujaisha."

"Ndiyo maana mlifunga?"

Bi Tima alicheka bila furaha. "Mahali pale pamekuwa kinu cha unga, pamekuwa baa wiki tatu, pamekuwa kanisa. Mchungaji alitoka akikimbia na vipaza sauti mikononi, mpaka leo hajarudi kuchukua viti. Babu mwenyewe aliondoka alasiri moja, mlango wazi, chai ikiwa mezani. Alikuwa ameingia na kitu. Hakutuambia ni nini. Na mimi mwanangu sijawahi kutia mguu. Kila nilicho nacho nimerithi kwa babu huyo."

"Kaveke alijua?"

"Nilimwambia. Alicheka, akaingia, akazunguka, akatoka salama. Alikuja mikono mitupu." Alimtazama sasa. "Wewe ulimwoa vipi?"

"Kanisani. Nina cheti."

"Kizingiti hakisomi vyeti. Wenyewe walikupa?"

Kyule akawakumbuka mbuzi ambao hakuwahi kuwapeleka.

Mbuzi wa ntheo. Mbuzi watatu ambao Mkamba hupeleka kwa wazazi wa msichana, na ambao bila hao msichana bado ni wa kwao, hata akizaa, hata akizeeka, hata akifa. Baba yake Kaveke, Mzee Mbuvi wa Matiliku, kule Makueni, alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa amesema: sisi tumeokoka, mambo ya mbuzi tumeyaacha. Na Kyule, kijana wa chuo kikuu, alifurahi, akaona ameoa kwa watu walioendelea. Ni Kaveke aliyewahi kusema, mara moja tu, akikunja nguo: siku moja utampelekea baba mbuzi wake? Kyule alijibu kwamba mwaka ule kulikuwa na ukame.

Ilikuwa miaka thelathini na moja iliyopita.

"Sikupewa," alisema.

Bi Tima alitoa mahamri ya mwisho. "Basi nenda ukaombe kupewa, kabla hazijaongezeka sentimita saba nyingine."

*

Aliondoka Mutomo alfajiri na mbuzi watatu nyuma ya pikapu. Kibwezi, Emali, halafu juu Matiliku. Njia nzima walilia.

Mzee Mbuvi alikuwa na miaka themanini na sita. Alitoka kwenye michungwa yake akiegemea fimbo, akawatazama mbuzi, akamtazama mkwe wake.

"Umeleta nini?"

"Baba, nimeleta ntheo."

"Unamwoa nani?"

"Kaveke."

Mzee alikaa kwenye kiti polepole. "Kaveke tulimzika. Mimi nilisimama upande huu wa kaburi, wewe upande ule."

"Najua, Baba. Lakini kaburi linashuka." Akamweleza. Msalaba. Sentimita saba, kumi na nne, na asubuhi hiyo, ishirini na moja.

Mzee alifumba macho. "Umeomba?"

"Nimeomba."

"Sikiliza, mwanangu. Nilipokataa mbuzi, ndugu yangu mkubwa aliapa hatakula kwangu. Hakula hadi alipokufa. Walinicheka soko zima: Mbuvi ametupa msichana bure. Nikasimama kwa Neno. Leo nipokee mbuzi? Tena wa marehemu? Nikipokea, yote yale nilisimamia nini?"

"Wapokee tu kwa mkono, Baba. Kisha uwauze, uwape kanisa, sijali."

"Mkono ndio kupokea."

Kyule alisimama. Alitaka kupiga kitu teke. Yeye hakuwahi kuyaamini mambo haya, na ndiye aliyeyaomba. Mzee aliyaamini kiasi cha kuyaogopa, na ndiye aliyeyakataa. Wote wawili walimpenda mtu yule yule.

"Kunywa chai, urudi na mbuzi wako," mzee akasema. Lakini langoni aliushika mkono wa Kyule, hakuuachia. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi.

"Ningependa kupokea," alinong'ona. "Hilo ndilo linalonitisha."

*

Alifika Mutomo jua likizama. Hakwenda nyumbani. Mbuzi walilia mara moja alipozima gari, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja.

Alifungua stoo, akaingia mikono mitupu, akafungua skrubu nne. Alitoka na ubao hadi ukingo wa baraza. Hapo alisimama akiwa ameukumbatia.

Alijua swali. Alijua pia jibu la kweli lingemgharimu nini. Akisema wangu, kaburi lingeendelea kushuka hadi lisiwe na mtu. Akisema lile jingine, angekuwa amemtoa kwa mdomo wake mwenyewe.

Akavuka kizingiti.

Harufu. Mvumo. Krii... krii...

"Kaveke ni wa nani?"

Aliukaza ubao kifuani.

"Wa Mbuvi," alisema. "Kaveke ni wa Mbuvi wa Matiliku. Sikupewa. Nilikaa naye tu."

Mnyororo ukalia mara moja. Ukasimama.

"Weka," sauti ikasema.

Alifunga ubao. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne, kitu kilipita nyuma ya mgongo wake.

Hakuona mtu. Alisikia harufu: sabuni ya hospitali, na mafuta ya nazi ya nywele. Halafu hatua. Hatua za mwanamke aliyesimama kutwa nzima wodini, mguu wa kulia ukivutwa kidogo. Zilivuka kizingiti kwenda nje. Zikashuka ngazi za baraza. Zikapita kando ya gari, na mbuzi mmoja akatoa sauti ndogo, kama anayesalimu. Zikaelekea barabara ya Kibwezi.

Kyule hakumwita.

Angemwita kwa haki gani?

Kaburi halikushuka tena. Alilijaza udongo, akasimika msalaba, na asubuhi ulikuwa mahali pake. Chini yake kulikuwa na nini, hakutaka kupima.

Siku ya nne simu ililia usiku. Ilikuwa Matiliku.

"Kyule," Mzee Mbuvi alisema. Alikuwa akipumua kama aliyekimbia. "Kuna mtu mlango wa jikoni. Tangu jua litue. Habishi. Anasimama tu, kama anayengoja kuitwa. Nimeomba, haondoki."

Kyule alikaa kitandani.

"Mwite, Baba," alisema mwishowe. "Ni wako."

Simu ilikatika. Alipopiga tena haikupatikana, na tangu siku ile mzee huyo hajazungumzia jambo hilo, ila majirani wanasema jioni huacha mlango wa jikoni wazi.

*

Nyumba ilifunguliwa wiki ya kwanza ya Novemba. Mama wa kwanza alitoka ng'ambo ya Ikutha. Aliitwa Mwongeli, mwenye miaka ishirini na miwili, na mumewe Gedion alimleta kwa pikipiki, mwendo wa saa tatu, godoro limefungwa nyuma.

"Mzee, ni kijana!" Gedion alimwambia Kyule kabla hajavua kofia. "Picha ilionyesha. Mama yangu ameshaota, anasema ana kichwa cha baba yangu kabisa. Pole kwake!" Akacheka peke yake, akarudi kufungua kamba za godoro.

Mwongeli alipanda ngazi za baraza, mkono mmoja kiunoni. Alitazama ndani. Vitanda kumi na viwili, shuka nyeupe, jina ukutani. Alitabasamu. Akanyanyua mguu, akauweka juu ya kizingiti.

Akasimama.

Kyule alikuwa hatua mbili kutoka kwake, na hakusikia kitu. Aliona tu shingo ya msichana ikiinama kidogo kushoto, kama mtu anayenong'onezwa. Aliona midomo yake ikifunguka. Macho yake yalikwenda kwa Gedion, aliyekuwa akipambana na kamba huku akipiga mluzi, yakarudi, yakashuka kwenye tumbo. Kiganja kikalifunika.

Polepole, akarudisha mguu nje.

"Mzee," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Naweza kulala hapa barazani?"

"Barazani?" Gedion alidakia. "Na vitanda vyote hivyo? Wewe Mwongeli, tumetoka mbali hivi ulale nje kama mbwa? Mzee, kwani ndani kuna nini?"

Msichana alimtazama Kyule. Hakuomba kitu. Alingoja tu.

"Joto," Kyule alisema. "Mabati haya ni ya zamani. Ndani kuna joto."

Aliingia, akashika kitanda kilichokuwa karibu, akakitoa nje peke yake, mguu baada ya mguu. Akakitandika. Akamletea maji.

Kabla giza halijashika, wanawake wengine wawili walikuwa wamefika. Mmoja alivuka kizingiti akilalamika miguu imevimba, akajitupa kitandani, akalala. Wa pili alisimama mlangoni kitambo. Kisha alirudi nyuma, akatandika leso yake barazani kando ya Mwongeli, na hakuna aliyemwuliza mwenzake neno.